Mahali pa Haidroksili: Usanisi wa Maumbo Tendaji ya Vitamini D na Majina Yake kwa Kiswahili

Ikisiri

Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha nyingine, jina "vitamini D" hubeba dutu kadhaa zinazokaribiana kwa umbo lakini zinazotofautiana sana kwa nguvu na kwa hatari. Makala haya yanafafanua njia kuu ambazo wanakemia wamezitumia tangu miaka ya 1970 kutengeneza maumbo ya vitamini D yanayofanya kazi mwilini bila kuitegemea figo. Yanaonyesha kwamba tofauti kati ya maumbo hayo imo katika jambo moja: kikundi haidroksili kimewekwa wapi, na upande upi. Kwa msingi huo yanajadili namna majina ya dutu hizo yanavyofaa kuandikwa kwa Kiswahili ili hesabu iliyomo ndani yake isipotee mikononi mwa mfasiri.

Utangulizi

Wazazi wa Afrika Mashariki wamezoea kuambiwa kliniki kwamba mtoto aoteshwe jua ili apate vitamini D na aepukane na matege. Ushauri huo ni wa kweli, ila hauelezi safari nzima. Kinachotengenezwa na jua katika ngozi ni kolekalsiferoli, ambayo pia huitwa vitamini D3, na dutu hiyo yenyewe haina nguvu kubwa ya kuamuru lolote mwilini. Ni mali ghafi. Hupelekwa na damu hadi kwenye ini, ambako kimeng'enya huibandika kikundi haidroksili, yaani atomu moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni, kwenye kaboni ya 25. Hapo huwa kalsifedioli. Kisha hufika kwenye figo, ambako kimeng'enya kingine huongeza haidroksili ya pili kwenye kaboni ya 1, na kinachopatikana ni kalsitrioli. Hii ndiyo homoni inayoliamuru utumbo linyonye kalsiamu kutoka katika chakula.

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi anaweza kuota jua mchana kutwa na kumeza kolekalsiferoli kila siku, lakini hatua ya mwisho haikamiliki ipasavyo. Kalsiamu hupungua katika damu, tezi za parathiroidi hufanya kazi kupita kiasi kufidia upungufu huo, na mifupa hudhoofika. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuhitaji kalsitrioli iliyokwisha kutengenezwa nje ya mwili, au dutu iliyo karibu nayo. Mfamasia anayemhudumia kwa Kiswahili ana neno moja tu la kawaida, "vitamini D", kwa vidonge vya dukani na kwa dawa iliyoandikwa na daktari wa figo. Mgonjwa akiamini kuwa ni kitu kimoja, anaweza kuiacha dawa kwa kuwa vidonge vya dukani ni rahisi, au akavimeza vyote kwa pamoja bila kumwambia mtu.

Kwa hiyo suala la majina haliwezi kutenganishwa na suala la kemia. Ili kujua ni tofauti gani ambazo istilahi ya Kiswahili haina budi kuzihifadhi, inafaa kwanza kuona ni tofauti gani zilizowagharimu wanakemia jasho.

Umbo la molekuli

Kolekalsiferoli ina atomu 27 za kaboni, 44 za haidrojeni na moja ya oksijeni. Kalsifedioli ina oksijeni mbili, na kalsitrioli ina tatu; idadi ya kaboni na haidrojeni haibadiliki. Ukitazama fomyula peke yake, ungedhani kwamba kazi ya mwanakemia ni nyepesi: aongeze oksijeni mbili, basi. Ugumu uko katika anwani. Katika molekuli yenye kaboni 27, oksijeni inatakiwa iende kwenye kaboni ya 1 na ya 25, isiguse nyingine.

Kaboni ya 25 iko karibu na ncha ya mkia wa molekuli, mbali na pete. Kaboni ya 1 iko ndani ya pete ya kwanza, na hapo linaongezeka jambo la pili. Kila kaboni ya pete ina pande mbili, na kwa desturi ya wanakemia upande wa chini wa mchoro wa steroidi huitwa alfa na wa juu huitwa beta. Figo huweka haidroksili upande wa alfa. Dutu iliyo sawa kabisa na kalsitrioli ila haidroksili yake ya kaboni ya 1 imekaa upande wa beta ina nguvu ndogo mno, kwa sababu kipokezi kilichomo ndani ya seli hakiishiki vizuri. Mfano wa kufuli na ufunguo umechakaa katika vitabu vya biolojia, lakini hapa unasaidia: ufunguo una jino linalotakiwa, ila limechongwa upande mwingine.

Kulijua jambo hili kulichukua miaka mingi. Kalsifedioli ilitambuliwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na kundi la Hector DeLuca. Mwaka 1970 Fraser na Kodicek wa Cambridge walionyesha kwamba hatua inayofuata hufanyika katika figo, kwani panya walioondolewa figo hawakuweza kuitekeleza. Mwaka 1971 umbo la kalsitrioli likabainishwa kutokana na kiasi kidogo mno kilichopatikana kwenye matumbo ya kuku. Kwa kuwa kiumbe hai kina akiba ndogo hivyo ya homoni hii, ilikuwa wazi kuwa haiwezi kuwa dawa kwa kuchujwa kutoka kwa wanyama. Ilibidi itengenezwe.

Njia ya mwanga

Msingi wa karibu kila njia ya viwandani ni ule ule unaotumiwa na ngozi: mwanga. Ngozi ina dutu iitwayo 7-dehidrokolesteroli, ambayo ni steroidi yenye pete nne zilizofungwa. Mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 290 na 315 ikiipiga, pete ya pili hukatika kati ya kaboni ya 9 na ya 10, na kinachobaki huitwa previtamini D3. Hatua inayofuata haihitaji mwanga. Joto la kawaida la mwili hutosha kuhamisha atomu moja ya haidrojeni, na previtamini hugeuka kuwa vitamini yenyewe. Kwa hiyo vitamini D ni steroidi iliyopasuliwa pete moja.

Elimu hii ina historia ndefu. Mwaka 1924 Harry Steenbock wa Wisconsin alionyesha kwamba chakula kilichoangazwa kwa taa ya urujuanimno hupata uwezo wa kuzuia matege, na hataza zake zikawa mtaji wa kwanza wa wakfu wa utafiti ulioundwa mwaka 1925 kwa ajili ya chuo hicho. Huko Göttingen, Ujerumani, Adolf Windaus alichunguza steroidi hizi na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1928. Viwanda vilivyofuata vilichukua kolesteroli, hasa ile ipatikanayo kwenye mafuta ya sufu ya kondoo, vikaiongezea kifungo maradufu cha pili katika pete, kisha vikaiangaza kwa taa za zebaki.

Mwanga una adabu mbaya, hata hivyo. Haukomi pale mwanakemia anapotaka. Previtamini ikiendelea kuangazwa hugeuka kuwa takisteroli na lumisteroli, ambazo si vitamini D. Ndiyo maana kiwandani uangazaji husimamishwa mapema, mali ghafi iliyobaki hutenganishwa na kurudishwa kwenye taa, na zao hupatikana kidogo kidogo. Ngozi nayo hufanya jambo kama hilo: jua likizidi, previtamini huharibiwa kwa kugeuzwa kuwa dutu hizo nyingine, ndiyo maana hakuna mtu aliyedhuriwa na vitamini D ya jua peke yake. Kinga hiyo haimfuati anayemeza dawa.

Kuweka haidroksili kabla ya mwanga

Usanisi wa kwanza wa kalsitrioli ulichapishwa mwaka 1972 na kundi la Wisconsin. Ulithibitisha umbo, lakini ulikuwa na hatua nyingi. Njia iliyofungua mlango wa dawa ilitoka mwaka ufuatao kwa Derek Barton, Mwingereza aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1969 kwa kazi yake juu ya maumbo ya molekuli katika nafasi, akishirikiana na Hesse, Pechet na Rizzardo. Njia hii inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kila hatua yake inajibu swali la anwani lililotajwa hapo juu.

Barton alianza na kolesteroli ya kawaida. Kwanza aliiondolea haidrojeni mpaka ikawa na vifungo maradufu vitatu mfululizo katika pete mbili za kwanza, pamoja na oksijeni iliyofungwa maradufu kwenye kaboni ya 3. Shabaha yake ilikuwa kuiamsha kaboni ya 1, ambayo katika kolesteroli imelala tu bila kitu cha kuishika. Kisha aliweka peroksidi ya haidrojeni ndani ya alkali. Oksijeni ilijibandika kama daraja juu ya kaboni ya 1 na ya 2. Ilikuja kutoka upande wa alfa, kwa sababu upande wa beta unalindwa na tawi la kaboni lililosimama kwenye kaboni ya 10, jirani kabisa. Mwanakemia hakulazimika kuchagua upande; molekuli yenyewe ilimchagulia.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowashangaza wasomaji. Metali ya lithi ikiyeyushwa ndani ya amonia iliyo kimiminika, pamoja na kloridi ya amonia, hutoa elektroni kwa wingi. Katika chombo kimoja elektroni hizo zilivunja daraja la oksijeni na kuacha haidroksili kwenye kaboni ya 1 upande wa alfa, zikageuza oksijeni ya kaboni ya 3 kuwa haidroksili upande wa beta, na zikaacha kifungo maradufu kimoja mahali kinapotakiwa. Kazi tatu zilifanyika kwa pigo moja. Baada ya hapo njia iliungana na ile ya zamani: haidroksili zilifunikwa zisidhurike, bromini ilitumiwa kupata kifungo maradufu cha pili, kisha mwanga, kisha joto.

Kilichopatikana hakikuwa kalsitrioli. Kilikuwa alfakalsidoli, yenye haidroksili kwenye kaboni ya 1 na ya 3 lakini si ya 25. Upungufu huo si kasoro. Mgonjwa wa figo kwa kawaida ana ini linalofanya kazi, na ini litaweka haidroksili ya kaboni ya 25 lenyewe. Maabara imefanya kazi ya figo na kumwachia ini kazi ya ini. Palipohitajika kalsitrioli kamili, Barton na wenzake walianza na kolesteroli iliyokwisha kuwa na haidroksili kwenye kaboni ya 25 na kupita njia ile ile.

Kuweka haidroksili baada ya mwanga

Njia ya Barton ina gharama moja iliyojificha. Hatua ya mwanga, yenye zao dogo, inakuja mwishoni, baada ya mwanakemia kutumia nguvu nyingi kuandaa mali. Kila kinachopotea chini ya taa ni mali ghali. Mwaka 1978 Paaren, DeLuca na Schnoes walipindua mpangilio: walianza na vitamini D iliyokwisha kutengenezwa, ambayo ni bei nafuu, wakaiongezea haidroksili ya kaboni ya 1 moja kwa moja.

Shida ni kwamba vitamini D ina vifungo maradufu vitatu vilivyofuatana ambavyo ni vyepesi kuharibika. Suluhisho lao lilikuwa kuvificha kwa muda. Haidroksili ya kaboni ya 3 iligeuzwa kuwa kikundi kinachoondoka kirahisi, kisha dutu ikapashwa moto katika methanoli. Kikundi hicho kilipoondoka, kaboni ya 3 ilishikana na ya 5 na kufanya pete ndogo ya kaboni tatu. Dutu ya namna hii huitwa siklovitamini. Ikiwa katika hali hiyo, dioksidi ya seleni iliweza kupeleka oksijeni kwenye kaboni ya 1 upande wa alfa. Mwishoni asidi ilifungua pete ndogo na kurudisha umbo la vitamini. Pamoja na umbo linalotakiwa hutokea isoma yake iliyogeuka mgongo kwenye kifungo maradufu, nayo hupaswa kutenganishwa.

Kushona nusu mbili

Njia ya tatu haianzi na steroidi yoyote nzima. Basil Lythgoe wa Leeds aliona kwamba vitamini D, kwa kuwa pete yake moja imekatika, ina mshono wa asili katikati. Upande mmoja wa mshono ni pete ya kwanza, ambamo mna kaboni ya 1 na ya 3. Upande wa pili ni pete mbili za mwisho pamoja na mkia. Kila nusu hutengenezwa peke yake, kisha pete ya kwanza iliyobebeshwa kikundi chenye fosforasi huunganishwa na nusu ya pili iliyo na oksijeni mahali pa mshono. Wanakemia wa Hoffmann-La Roche wakiongozwa na Baggiolini na Uskokovic walitumia mbinu hii kutengeneza kalsitrioli kamili mwaka 1982, na mwaka 1992 kundi la Barry Trost likaonyesha kushona kwingine kwa msaada wa paladi. Nusu ya pili mara nyingi hupatikana kwa kuivunja vitamini D2 kwa ozoni, jambo lenye kejeli kidogo: vitamini huharibiwa ili itengenezwe vitamini bora.

Faida kubwa ya mshono ni uhuru. Mkia ukibadilishwa, au kaboni moja ikiondolewa kwenye pete, hupatikana dutu mpya kabisa. Kalsipotrioli inayopakwa kwenye ngozi yenye soriasisi na parikalsitoli inayotumiwa kwa wagonjwa wa figo ni za ukoo huu.

Inafaa pia kutaja bakteria. Huko Japani imetumiwa bakteria iitwayo Pseudonocardia autotrophica, ambayo ina kimeng'enya kimoja kinachoweza kuweka haidroksili zote mbili, ya kaboni ya 25 na ya kaboni ya 1, kwenye upande sahihi, bila lithi wala seleni. Kitu kilichowachosha wanakemia kwa miaka kadhaa, kijidudu cha udongoni kinakifanya katika pipa la maji.

Majina na hesabu iliyomo

Majina ya dawa yaliyotumika katika makala haya yametoholewa kutokana na majina yasiyo ya kibiashara yanayoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Tofauti ya tahajia kati ya Kiingereza na Kifaransa katika majina hayo ni ndogo, na hilo ni jambo la manufaa kwa ukanda ambamo boksi la dawa huandikwa kwa Kiingereza Kampala na kwa Kifaransa Bujumbura. Kiswahili kinaweza kuwa na tahajia moja kwa pande zote.

Tahajia hiyo haina budi kulinda viungo vya ndani vya jina. Kiambishi tamati -oli kinaashiria haidroksili. Kalsifedioli ina "di" kwa sababu haidroksili zake ni mbili, kwenye kaboni ya 3 na ya 25. Kalsitrioli ina "tri" kwa sababu ni tatu, ya 1, ya 3 na ya 25. Jina linahesabu. Alfakalsidoli inavunja utaratibu huo kidogo, kwani nayo ina haidroksili mbili, lakini neno "alfa" mwanzoni mwake linataja ule upande wa kaboni ya 1 uliopiganiwa na Barton. Mtohozi akiandika "kalsitiroli" kwa kukwepa mfululizo wa konsonanti, au "kalsitroli" kwa kufupisha, herufi moja tu imehama au imedondoka lakini hesabu imeharibika. Kanuni ya kutohoa kwa kufuata matamshi, inayofaa kwa "bomba" na "shati", hapa inapaswa kutii kanuni ya kuhifadhi mofu.

Kivumishi ni kigumu zaidi. Dhana ya umbo linalofanya kazi mwilini inaweza kufasiriwa kwa maneno matatu. "Vitamini D hai" inapotosha, kwa kuwa msomaji aliyezoea "kilimo hai" ataelewa kuwa ni vitamini ya asili isiyo ya kiwandani, wakati kalsitrioli ya dukani ni zao la kiwanda tupu. "Amilifu" ni neno zuri, ila hugongana na "kiambato amilifu": kwenye boksi la kolekalsiferoli, kiambato amilifu ni kolekalsiferoli yenyewe, ambayo ndiyo hasa isiyo na utendaji huo. "Tendaji", lililotumika hapa, halina mgongano huo katika famasia, ingawa linanukia kamati. Neno lolote kati ya hayo likisikika peke yake hudokeza ubora, na mgonjwa atataka iliyo bora. Mwili hudhibiti vikali kazi ya figo ya kuweka haidroksili kwenye kaboni ya 1. Anayemeza kalsitrioli ameruka lango hilo, na akizidisha, kalsiamu hupanda katika damu na kuidhuru figo ile ile iliyokusudiwa kusaidiwa.

Kwa mazungumzo ya dirishani pa dawa, maelezo ya "vitamini D isiyosubiri figo" yanasema kweli zaidi kuliko kivumishi chochote, nayo yanaeleweka bila kamusi. Kwa maandishi, mwongozo wa tiba unafaa kutaja jina kamili la dutu kila mara na kutoandika "vitamini D" peke yake pale panapokusudiwa kalsitrioli au alfakalsidoli.

Vipimo navyo vinahitaji uangalifu huo huo. Kolekalsiferoli hupimwa kwa vizio vya kimataifa, ambapo mikrogramu 1 ni sawa na vizio 40, hivyo dozi ya kila siku ya mikrogramu 10 huandikwa 400. Kidonge cha kawaida cha kalsitrioli kina mikrogramu 0.25. Mtafsiri wa kijikaratasi cha dawa akigeuza kiasi hicho kwa kanuni ile ile atapata vizio 10, na msomaji atakiona ni kidogo cha kudharauliwa mbele ya 400. Ugeuzaji huo hauna maana yoyote kwa kalsitrioli, kwa kuwa kizio kiliwekwa kwa ajili ya vitamini ambayo bado haijapita kwenye ini wala figo. Katika kijikaratasi cha Kiswahili kiasi chake kiandikwe kwa mikrogramu tu, na neno "mikrogramu" liandikwe lote bila kufupishwa, kwa kuwa kifupisho chake hukosewa kirahisi kuwa cha miligramu, na kati ya viwili hivyo kuna mara 1,000.